SOMO LA MWEZI: USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA
Jinsi ya kuonyesha kazi ya uani kwa picha za video

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mtu wa pwani akiona jahazi linaelea hukumbuka kwamba yuko fundi aliyepasua mbao, akazipigilia misumari na kuziba nyufa moja moja. Sisi wa Kongwa hatuna bahari, lakini tunavyo vingi vinavyoelea: chupa ya mafuta ya alizeti inayong'aa mezani kando ya barabara pale Mbande, gunia lililoshonwa vizuri katika soko la Kibaigwa, kopo la siagi ya karanga dukani. Mnunuzi hukiona kile kinachoelea. Kuundwa kwake hakuoni.

Katika somo hili tutajifunza jinsi mtu mwenye biashara ndogo anavyoweza kutumia simu yake ya mkononi kupiga picha za video zinazoonyesha kazi inayofanyika mahali ambapo mnunuzi hafiki. Vijana huziita video za "nyuma ya pazia". Hapa tutaziita picha za uani, kwa sababu kwa wengi wetu kazi yenyewe hufanyika huko huko uani, kati ya jiko na banda la kuku.

Somo hili lafaa lisomwe katika kikundi, hasa vikundi vya akina mama na vijana wanaouza kitu. Mwisho tumeweka maswali.

1. KWA NINI UANI UONYESHWE?

Kwanza, mnunuzi hupata imani. Mtu anayenunua chakula kilichosagwa hana njia ya kujua kilisagwa kutoka nini. Akiona kwa macho yake jinsi kilivyotengenezwa, shaka hupungua.

Pili, mnunuzi huielewa bei. Mara nyingi husemwa, "Mbona siagi yako ni ghali, na karanga ni rahisi?" Maneno hayo hutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuketi saa tatu mbele ya ungo akichambua karanga moja moja. Mwonyeshe ungo, naye ataacha kuuliza, au angalau atauliza kwa adabu.

Tatu, mwenye kazi hujiona mwenyewe. Sababu hii ndiyo kubwa kuliko zote, nasi tutairudia mbele.

2. MAMBO MAWILI YA KALE

Kuonyesha kazi kwa picha zinazotembea si jambo geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza sinema fupi kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki. Mradi huo ulianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Leslie Notcutt. Zilitengenezwa sinema zipatazo 35, baadhi zikifundisha utunzaji wa ngozi, uwekaji wa akiba posta, na kujikinga na safura. Sinema hizo zilizungushwa kwa lori toka mji hadi mji, na watu walikusanyika usiku kuzitazama. Lakini aliyeamua nini kionyeshwe na nini kifichwe hakuwa mkulima mwenye ngozi wala mwenye akiba. Leo kamera imo mfukoni mwa mkulima mwenyewe. Hilo ni badiliko kubwa, nalo lina wajibu wake.

Jambo la pili lilitokea hapa hapa Kongwa. Wazee wetu walisimuliwa au waliona wenyewe Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, uliopata umaarufu duniani kote. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma machache tu, na sehemu nyingi zilitazamwa toka ndegeni. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Ilikusudiwa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta yakaletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mambo ya mbele yalipendeza sana. Lakini udongo ulikuwa haujaulizwa. Wakati wa kiangazi udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake ulikula vyuma vya majembe. Mvua nayo, kama kila Mgogo ajuavyo, haina ahadi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, baada ya kutumia pauni zaidi ya milioni 35.

Twajifunza nini? Kwamba sifa za mbele haziwezi kuponya kasoro ya nyuma. Anayetaka kuonyesha kazi yake sharti kwanza aitazame vizuri kazi yenyewe.

3. MFANO WETU: SIAGI YA KARANGA

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano wa mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani na kuiuza katika makopo. Anaye binti wa jirani anayemsaidia kwa ujira. Mwingine anaweza kuweka alizeti, mikate, viatu au ushonaji mahali pa karanga. Njia ni ile ile.

Tumechagua karanga kwa sababu zina jambo la uhai na mauti ndani yake. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota kuvu, na kuvu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kukaanga au kupika kwa kawaida hakuwezi kuimaliza. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na huweza kuleta saratani. Ikiliwa kwa wingi huua upesi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao walifariki. Hao hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa watu wa nyanda hizi zetu.

Basi mnunuzi wa siagi ya karanga akiuliza, "Imetengenezwaje?" haulizi kwa udadisi tu. Anauliza kwa ajili ya mtoto wake atakayepakiwa siagi hiyo kwenye mkate asubuhi.

4. KABLA YA KUPIGA PICHA

(a) Andika hatua za kazi yako. Chukua daftari, uandike kila hatua kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama wetu aliandika hivi: kununua karanga, kuanika, kubangua, kuchambua, kukaanga, kutoa maganda na kupepeta, kusaga, kujaza makopo, kupima uzito na kubandika karatasi ya jina na tarehe. Kila hatua ni picha moja.

(b) Omba ruhusa. Binti anayesaidia kazi ana uso wake na jina lake. Si sehemu ya vyombo. Muulize kama yu radhi kuonekana, mweleze picha itatumwa wapi, naye awe na uhuru wa kukataa bila kununiwa. Akikataa, piga mikono yake tu. Mikono inayochambua karanga hueleza kazi vizuri kuliko uso unaotabasamu. Watoto wadogo ni vema wasionyeshwe nyuso zao kabisa. Tena kumbuka kwamba nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtu si mali ya kila mwenye simu.

(c) Fikiri yasiyofaa kuonekana. Usionyeshe sanduku la fedha, kufuli ya mlango, daftari la madeni ya watu, wala mahali unapolala. Mwizi naye ana simu.

(d) Tayarisha simu. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana mafuta ya karanga na vumbi la Kongwa hufanya picha iwe na ukungu. Hakikisha simu ina chaji na nafasi ya kutosha. Zima mtandao kwa muda ili mtu asipige simu katikati ya kazi.

5. WAKATI WA KUPIGA PICHA

Mwanga. Piga asubuhi au jioni, jua linapokuwa chini. Saa sita mchana jua letu hukata nyuso kwa vivuli vyeusi. Ukiwa ndani, mweke mfanyakazi karibu na mlango au dirisha, mwanga umpige ubavuni. Usimpige picha akiwa amesimama mbele ya mlango ulio wazi. Ataonekana mweusi kama kivuli.

Utulivu. Simu isitikisike. Iegemeze juu ya debe au matofali yaliyopangwa. Anza kurekodi, hesabu moja hadi kumi polepole, kisha simamisha. Usiizungushe kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, sogea karibu kwa miguu yako.

Mbali, kati na karibu. Kwa kila hatua piga picha tatu: ya mbali, ili watu wajue mahali, ya kati, ili wamwone mtu na kazi yake, na ya karibu sana, ili waone kitu chenyewe. Kwa kuchambua, ya mbali ni ua, ya kati ni binti na ungo, na ya karibu ni vidole vikitoa karanga iliyokunjamana.

Sauti. Upepo wa kiangazi hapa kwetu huingia katika simu ukavuma kama lori. Zungumza nyuma ya ukuta, au ndani, huku simu ikiwa karibu nawe kiasi cha mkono mmoja. Usisome kama hotuba. Sema kama unavyomweleza jirani: "Hizi ninazitoa kwa sababu zimebadilika rangi. Zikisagwa pamoja na nyingine hakuna atakayejua, lakini mimi nitajua." Tena ziache sauti za kazi zenyewe zisikike: karanga zikilia katika kikaango, mashine ikisaga, ungo ukipepeta.

Simama au lala? Kama picha itatazamwa katika simu, ishike simu wima. Kama itaonyeshwa katika televisheni kwenye mkutano au maonyesho, ilaze. Usichanganye namna mbili katika video moja.

6. PICHA KAMA KIOO

Sasa tufike kwenye ile sababu ya tatu.

Mama wetu alipiga picha zake siku mbili. Usiku wa pili aliketi na binti yule wakazitazama. Hatua ya kukaanga ilipendeza, na ya kusaga pia. Lakini katika picha ya kuanika waliona jambo ambalo macho yao yalikuwa yamelizoea hata yasilione tena. Karanga zilikuwa zimemwagwa juu ya udongo mtupu, na kuku wawili walikuwa wakitembea juu yake wakiparura. Pembeni, gunia moja lilikuwa limelazwa chini likigusa ukuta wenye unyevu.

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: kukata kipande hicho, kuazima turubai kwa jirani, kumwaga karanga debe moja juu yake, kupiga picha upya, kisha kurudisha turubai. Hakuna mnunuzi ambaye angejua. Ya pili ilikuwa na gharama: kununua turubai lake mwenyewe, kupanga mbao au mawe ya kuinulia magunia, kuwafungia kuku, na kuzichambua upya karanga zote zilizokuwa zimekwisha anikwa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo video ya uani huwa ama ushuhuda ama udanganyifu. Picha iliyopangwa kwa turubai la kuazima ni mbaya kuliko kutokuwa na picha kabisa. Asiye na picha hajaahidi kitu. Mwenye picha ya uongo amemtuliza mama wa mtoto asiulize tena, na sumu imebaki ndani ya kopo.

Mama wetu aliposhika njia ya pili alipata hasara mwezi ule. Karanga alizozitoa kwa kuchambua zilijaza ndoo, naye alikwisha zilipia. Akajiuliza azifanye nini. Swali hilo lazima lijibiwe katika kila kikundi, kwa maana wengi huchambua vizuri, halafu mabaya wakayapeleka kwa kuku au ng'ombe, ama wakayauza kwa bei nafuu kwa mtu mwingine akayasage. Sumukuvu humdhuru mnyama pia, na ng'ombe aliyeila huitoa katika maziwa. Hiyo ni kuizungusha sumu mpaka irudi mezani kwako. Karanga zilizoota ukungu zitupwe mahali ambapo mtu wala mnyama hatazipata, kama kuzifukia. Yeye alizifukia, tena akapiga picha ya shimo lile.

Katika video yake yote, picha ya shimo ndiyo inayosema zaidi. Mtu anaweza kujifanya msafi mbele ya kamera. Kufukia ndoo ya mali uliyoilipia ni vigumu kujifanya.

7. KUPANGA NA KUTUMA

Usitume kila ulichopiga. Zipo programu za simu zisizolipiwa ambazo hukata na kuunganisha vipande. Chagua kipande cha sekunde tatu hadi tano kwa kila hatua, uvipange kwa utaratibu wa kazi. Video nzima isizidi dakika moja. Mtazamaji hutumia kifurushi alichonunua kwa fedha yake; usimtumie mambo marefu yasiyo na faida.

Mwanzoni weka kile kinachovuta macho, kama karanga zikimwagika katika ungo. Mwishoni weka kopo, bei, mahali unapouza na namba ya simu ya biashara. Andika maneno machache juu ya picha, kwa maana wengi hutazama bila sauti wakiwa ndani ya basi.

Kama unataka wimbo, usichukue wimbo wa mtu bila ruhusa. Hata wimbo wa kwaya ya mtaa wenu ni kazi ya kwaya, waombe. Mara nyingi sauti ya kazi yenyewe yatosha.

Anza na watu wanaokujua: wateja wako wa WhatsApp, kisha kikundi cha mtaa kama wenyewe wanaruhusu matangazo. Baadaye unaweza kuweka Instagram, TikTok au Facebook. Wakikuuliza maswali, jibu. Swali likirudi mara tatu, lifanye kuwa video nyingine.

8. YALE AMBAYO PICHA HAIWEZI KUFANYA

Picha huonyesha bidii na usafi. Haiwezi kuonyesha kwamba hakuna sumukuvu. Hilo hujulikana kwa kipimo cha maabara. Kwa hiyo usiseme katika video, "Siagi yangu haina sumu kabisa," kama haijapimwa. Sema ulilolifanya: "Nimezikausha juu ya turubai, nimezichambua, nimezihifadhi juu ya mbao." Usibandike alama ya ubora ambayo hukupewa. Wala usiseme siagi yako hutibu ugonjwa huu au ule.

Kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo mwaka 2019 liliipokea kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA. Kwa mafunzo ya usindikaji na namna ya kuanza safari ya kupata alama ya ubora, mwenye biashara ndogo anaweza kuwaendea SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Siku utakapopata cheti, hiyo itakuwa video nzuri ya kutuma.

Tena, usipige video moja ukalala. Kazi hubadilika kwa majira. Wakati wa mvua kukausha ni shida. Waonyeshe wateja unavyohangaika na mawingu. Mwaka wa ukame karanga huwa chache na bei hupanda, waonyeshe shamba. Mteja aliyeona shamba lako likikauka hatashangaa akiambiwa bei mpya.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika biashara yako, ni hatua gani usiyopenda mteja aione? Kwa nini?

2. Mama wa mfano wetu alipata hasara ya ndoo nzima ya karanga. Kikundi kingeweza kumsaidiaje asijaribiwe kuziuza?

3. Je, kusafisha ua kwa ajili ya siku ya kupiga picha ni udanganyifu? Inategemea nini?

4. Msaidizi akikubali kupigwa picha kwa kuogopa kufukuzwa kazi, je, amekubali kweli?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao kila mmoja apige video moja ya hatua moja tu ya kazi yake, sekunde kumi, bila kupanga wala kusafisha kitu chochote. Asiitume kwa mtu. Aitazame peke yake mara tatu: mara ya kwanza atazame kazi, mara ya pili atazame pembe za picha, na mara ya tatu afumbe macho asikilize. Kisha aandike katika daftari lake jambo moja atakalobadilisha uani kabla ya kumwonyesha mtu mwingine.